Motokari ya zamani nyumbani: kapita ni wewe mwenyewe



Siku ya kazi unavaa kaske, viatu vya usalama na miwani. Ukipaswa kutengeneza mashini katika lizini, unakata umeme kwanza, unafunga kifungo chako, na ufunguo wake unautia mfukoni. Huingii chini ya kamyo ya karyeri kama haijawekewa vishikizo vya chuma. Ukisahau, kapita anakusimamisha. Nawe hukasiriki, kwa maana unajua sababu.

Kisha siku ya Mungu inafika. Umevaa kapatula na sandali. Motokari yako ya zamani, ile unayoipenda kama mtoto, inasimama katika lupango. Umeiinua kwa kiriki, umeweka tofali mbili, na sasa umelala chini yake. Mwana wako anashika taa. Bibi yako anapika bukari juu ya mbabula, hatua sita kutoka hapo. Kopo la esanse liko wazi kando ya kichwa chako.

Tukuulize ulizo moja tu: kapita yuko wapi?

Somo la leo ni juu ya jambo hilo. Hatutaki kukukataza motokari yako. Mtu anayejua kutengeneza motokari kwa mikono yake anaokoa franga nyingi, anajifunza uvumilivu, na anawafundisha watoto wake kazi. Lakini chuma hakijui siku ya kazi na siku ya kupumzika. Kinaanguka kwa uzito uleule.

Tuchukue mfano mmoja

Ziko motokari za zamani za namna nyingi. Ili somo lisiwe maneno ya hewani, tuchague moja inayojulikana ulimwenguni pote: ile Volkswagen yenye mgongo wa duara, ambayo wasema Kifaransa waliiita Coccinelle. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 21. Ya mwisho kabisa ilitoka katika lizini ya Puebla, nchi ya Mexico, mwaka 2003. Basi hata ile iliyo changa kuliko zote imepita miaka 20, na nyingine zimepita 50 au 60.

Watu wanaipenda kwa sababu ni nyepesi kufahamu. Moteri iko nyuma, haina radiatere, haina maji. Inapozwa kwa upepo tu. Mtu mwenye funguo chache na kitabu cha motokari anaweza kufanya kazi nyingi peke yake. Lakini ina desturi zake, na zile usizozijua ndizo zitakazokuumiza. Kama motokari yako ni Peugeot, Mercedes au Land Rover ya zamani, soma tu: karibu yote tutakayosema yanakuhusu.

1. Kulala chini ya motokari

Coccinelle ni motokari ndogo, lakini uzito wake ni kati ya kilo 700 na 900. Kifua cha mtu hakibebi hata nusu ya uzito huo. Anayebanwa hawezi kuvuta pumzi, hawezi kuita. Anaweza kufa huku watu wa nyumba wako ndani, wanafikiri anaendelea na kazi yake.

Shika neno hili: kiriki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Hata kiriki mpya. Mafuta ya kiriki yanaweza kuvuja, meno yake yanaweza kuteleza, udongo unaweza kudidimia chini yake, zaidi sana wakati wa mvua.

Tofali nazo ni adui anayejifanya rafiki. Tofali ya sementi inaonekana ngumu, lakini haipasuki polepole na kukuonya. Inavunjika mara moja. Mawe yanabiringika. Kwa hiyo tumia chandeli za chuma, mbili au nne. Kama huna, mpe msudere mwaminifu kazi ya kukutengenezea kwa chuma kizito chenye miguu mipana, au azima kwa jirani. Bei yake ni ndogo kuliko ya sanduku la maiti.

Fanya hivi, hatua kwa hatua:

Kwanza, weka motokari mahali pa sawasawa na pagumu. Kama lupango lako ni udongo mtupu, weka ubao mnene na mpana chini ya kiriki na chini ya kila chandeli.

Pili, tia vitesi, maana yake vipande vya mti vyenye umbo la kabari, mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Freni ya mkono ya motokari ya miaka 50 peke yake haitoshi.

Tatu, legeza bulo za gurudumu kabla ya kuinua, si baada.

Nne, weka chandeli chini ya chuma chenye nguvu: chini ya ekseli ya mbele, au chini ya ile tiyo nene ya nyuma inayobeba springi. Usiweke chini ya bati la sakafu, wala chini ya moteri. Tena tazama vizuri tundu la kiriki lililo ubavuni. Katika Coccinelle za zamani kutu hula chuma pale kutoka ndani. Kwa nje rangi inang'aa, ndani ni unga mtupu.

Tano, kabla ya kuingia, sukuma motokari kwa mabega yako kutoka upande. Ikitikisika, shukuru kwamba imetikisika ukiwa nje. Kisha telezesha gurudumu la akiba chini ya ubavu wa motokari. Chandeli ikishindwa, gurudumu linaweza kukuachia nafasi ya kupumua.

Sita, asiwe mtu peke yake. Mtu mzima mmoja awe karibu, naye ajue kiriki ya pili iko wapi. Lakini yeye asiingie chini.

Yuko mtego mmoja ambao mafundi wa Coccinelle wanaujua. Ukitaka kutoa ngoma ya freni ya nyuma, lazima ulegeze nati kubwa ya milimita 36 katikati ya gurudumu. Inakazwa kwa nguvu ya karibu kilo 30 kwenye mkono wa urefu wa metre moja. Watu wanainua motokari kwanza, kisha wanatia tiyo ndefu juu ya ufunguo na kuvuta kwa uzito wa mwili wote. Motokari inaruka kutoka juu ya kiriki. Nati hiyo ilegezwe magurudumu yote manne yakiwa chini, na ikazwe vilevile yakiwa chini.

2. Esanse

Mtu anafikiri esanse inawaka pale ilipomwagika. Sivyo. Kinachowaka ni mvuke wake, nao mvuke ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu na kwenda zake. Unatambaa chini kama maji, unaingia katika mitaro na pembe, mpaka unakuta moto. Mbabula ya jirani ng'ambo ya ukuta yatosha. Moto unarudi kwa njia ileile, mpaka kwenye kopo lako.

Kwa hiyo: ukifungua tiyo ya esanse au karibiratere, makala yote yazimwe, na mtu asivute tumbako. Tumia tochi, si taa ya balbu yenye waya. Balbu hiyo ikianguka juu ya esanse na kuvunjika, ni sawa na kuwasha kibiriti.

Katika Coccinelle tanki iko mbele na moteri iko nyuma. Esanse inapita urefu wote wa motokari, na mahali pengine inapita ndani ya tiyo za mpira. Mpira unazeeka hata kama motokari hailitumwi. Tazama hasa kipande kinachotoka kwenye pompi kwenda kwenye karibiratere. Pompi iko kando ya delko, na delko inatoa cheche. Tena ile tiyo ndogo ya shaba nyekundu-njano inayoingia kwenye karibiratere ilitiwa kwa kubanwa tu. Katika nyingine inalegea na kuchomoka safarini. Hapo esanse inarushwa juu ya moteri ya moto. Coccinelle nyingi zimeteketea kwa njia hiyo.

Badilisha tiyo zote za mpira kwa tiyo za esanse za kweli, si tiyo za maji. Tia vibano vya chuma kila mwisho. Kila juma, moteri ikiwa imepoa, fungua kifuniko na unuse. Ukisikia harufu ya esanse, usiwashe moteri mpaka umejua inatoka wapi.

Weka chombo cha kuzima moto cha unga mahali ambapo mkono wako unafika ukiwa umeketi. Na usimwage maji. Kwanza, esanse inaelea juu ya maji, nayo inasambaza moto. Pili, nyumba ya moteri ya Coccinelle imefanywa kwa chuma chepesi chenye manyezi, na manyezi ikishika moto, maji yanaifanya ilipuke kwa mwanga mweupe. Moto ukiwa mdogo, fungua kifuniko kidogo tu na upulize unga. Ukiwa mkubwa, toa watu, simama mbali, acha motokari iungue. Motokari nyingine itapatikana.

Maneno mengine matatu juu ya esanse:

Usivute esanse kwa kinywa. Tone dogo likiingia katika mapafu linayachoma. Aliyemeza esanse asitapishwe, wala asipewe maziwa au mafuta ya mawese ili atapike. Apelekwe hospitali mara moja.

Usiweke esanse katika chupa ya limonadi au ya bia. Mtoto mwenye kiu hasomi alama. Anaona chupa tu.

Usimruhusu msudere kugusa sakafu au mbele ya motokari kabla tanki haijatolewa na kuwekwa mbali. Tanki tupu ni hatari kupita iliyojaa, kwa kuwa imejaa mvuke. Na tanki yenyewe isisudwe hata kidogo.

3. Bateri

Bateri inapochajiwa inatoa gazi inayolipuka. Ndani yake mna asidi. Basi kila kazi ya umeme ianze hivi: ondoa kwanza waya unaokwenda kwenye chuma cha motokari, ukimaliza, huo urudishwe wa mwisho. Hiki ndicho kifungo chako cha nyumbani. Toa saa na pete mkononi: pete ya chuma ikigusa pande mbili za umeme, inawaka nyekundu juu ya kidole.

Katika Coccinelle bateri iko chini ya kiti cha nyuma. Kiti kina springi za chuma na majani makavu. Ukinunua bateri iliyo ndefu kuliko ya zamani, na shemeji wawili wanene wakaketi nyuma, springi zinagusa vichwa vya bateri. Kwanza utasikia harufu, kisha utaona moshi, kisha moto uko chini ya watu. Nunua bateri ya kimo kinachofaa, ifungwe isicheze, na ifunikwe kwa kifuniko au mpira mnene.

Asidi ikiruka machoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 20, bila kusugua, kisha nenda hospitali. Usingoje kuona kama maumivu yatapita.

4. Moshi usioonekana

Katika moshi wa moteri mna gazi isiyo na rangi wala harufu. Mnajua habari zake, ninyi wa kazi za chini ya ardhi. Gazi hiyo inachukua mahali pa hewa safi katika damu. Kichwa kinauma, miguu inalegea, usingizi unakuja. Anayelala hivyo haamki.

Kwa hiyo usiwashe moteri ndani ya garaji, hata mlango ukiwa wazi. Sukuma motokari nje.

Na kuna jambo la pekee. Coccinelle inapasha watu joto kwa hewa inayopita kuzunguka tiyo za moshi. Kama tiyo hizo zimetoboka kwa kutu, au vifungo vyake vimelegea, moshi unaingia mahali mnapoketi. Katika nchi yetu ya Katanga, nani anafungua joto la motokari? Lakini mwezi wa sita na wa saba, unapotoka alfajiri kwenda kazini na baridi inauma vidole, unafungua, na vioo umefunga. Hapo ndipo hatari inakuja. Kabla ya majira ya baridi, chunguza tiyo zote za moshi. Ukisikia kichwa kinauma safarini, simama, fungua milango yote, toka nje.

5. Vumbi la freni na mafuta yaliyochakaa

Kazini tunatoboa mwamba kwa maji, ili vumbi lisipande na kuingia katika mapafu. Nyumbani unafungua ngoma ya freni na kupuliza vumbi jeusi kwa kinywa. Wajua ni vumbi gani? Freni za zamani zilitengenezwa na amianti. Nyuzi zake ni ndogo, hazionekani, na zikiingia katika mapafu hazitoki. Ugonjwa unaweza kukawia miaka 20, 30 au zaidi, kisha unakuja.

Fanya kama kazini: tumia maji. Lowesha vumbi kwa maji yenye sabuni, pangusa kwa kitambaa kilicholowa, kitie katika mfuko na kuufunga. Usipulize, usifagie. Watoto wawe mbali. Nguo zako zifuliwe peke yake.

Mafuta ya moteri yaliyochakaa yasikae juu ya ngozi siku hata siku, kwa kuwa yanaweza kuleta kansa ya ngozi. Usioshe mikono kwa esanse. Osha kwa sabuni na majivu laini au unga wa mti. Na mafuta hayo usiyamwage kando ya kisima. Yatakurudia katika kikombe.

6. Kuitunza ili isikusaliti njiani

Motokari ya zamani inahitaji macho yako mara nyingi. Coccinelle inachukua litre 2 na nusu tu za mafuta ya moteri, na haina filtre ya karatasi, ina kichungi cha waya. Kwa hiyo mafuta yake yanachafuka upesi. Katika barabara nzuri badilisha kila kilomita 5 000. Katika vumbi letu la kiangazi badilisha kila 2 500, na safisha filtre ya hewa mara nyingi zaidi. Vali zipimwe moteri ikiwa baridi kabisa. Kipimo kimeandikwa katika kitabu cha motokari yako.

Mkanda mmoja unazungusha dinamo pamoja na feni inayopoza moteri. Taa nyekundu ya dinamo ikiwaka njiani, usiseme: "Nitafika nyumbani kwanza." Simama palepale. Kama mkanda umekatika, hakuna upepo, na moteri inajichoma katika dakika chache. Beba mkanda wa akiba. Nao usiuguse mpaka moteri imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako.

Freni: Coccinelle za kale zina njia moja tu ya mafuta ya freni. Ikivuja mahali pamoja, magurudumu yote manne yanakosa freni. Mafuta hayo yanavuta maji kutoka hewani. Yabadilishwe kila miaka 2. Usijaze kwa mafuta ya moteri wala maji ya sabuni. Mafuta ya moteri yanavimbisha mipira ya freni, na pedali inakuacha siku ya mteremko.

Magurudumu: usitazame kucha za mpira tu. Mpira uliofanywa tangu mwaka 2000 una namba nne za mwisho ubavuni, baada ya herufi DOT: mbili za kwanza ni juma, mbili za pili ni mwaka. Mpira wa miaka 15 ni mzee, hata kama kucha zake ni ndefu. Ukiona nyufa ubavuni, utupe.

Maulizo ya kujijaribu

Jibu bila kusoma tena.

1. Jirani anakwambia: "Nitakuwa chini ya motokari dakika mbili tu, kiriki yatosha." Utamjibu nini?
2. Waya gani wa bateri unaondolewa wa kwanza?
3. Kwa nini tanki tupu ni hatari kuliko tanki iliyojaa?
4. Mtoto amekunywa esanse. Mama yake anakimbia na maziwa. Utafanya nini?
5. Kwa nini tunalowesha vumbi la freni?

Kama umeshindwa kujibu moja, rudi kwenye sehemu yake kabla ya siku ya Mungu.

Neno la mwisho

Rudi kidogo katika lupango lako. Mwana wako bado ameshika taa. Anatazama mikono yako, na kila unachofanya kinaingia katika kichwa chake. Akikuona unatia tofali mbili na kulala chini, yeye naye atafanya hivyo siku moja, juu ya motokari yake, na wewe hutakuwapo kumsimamisha. Akikuona unatia vitesi, chandeli na gurudumu la akiba, kisha unasukuma kwa mabega kabla ya kuingia, atajua kwamba hivyo ndivyo mtu wa kazi anavyofanya.

Basi siku ya Mungu ijayo fanya jambo moja kabla ya kushika ufunguo. Mpe mtoto kaske yako na umwambie: "Leo wewe ni kapita. Nikisahau neno, unisimamishe." Kisha akikusimamisha, usikasirike.

Kinga ni bora kuliko dawa. Kazini kama nyumbani, turudi mezani sote tukiwa wazima.